Pia ya goti ni wenzo kabla ya kuwa ngao

Karibu kila mgonjwa ninayemuuliza pia ya goti ina kazi gani hunijibu kwamba imewekwa pale ili kulikinga goti mtu anapojikwaa au kugongwa. Jibu hilo lina ukweli, nami nitalirudia huko mbele, lakini linaacha nje kazi iliyo kubwa kuliko zote, ambayo mfupa huo huifanya kila mara tunapoinuka kitini, tunapopanda ngazi au tunapopiga hatua, nayo ni kuuwezesha mguu kunyooka kwa nguvu. Kazi yangu ni fiziotherapia, na nimeona kwa macho yangu madhara ya kutoijua kazi hiyo. Mtu anayeamini kwamba pia ya goti ni kifuniko tu huifunga bandeji, huupumzisha mguu wiki baada ya wiki, kisha hushangaa paja limesinyaa na ngazi hazipandiki. Anayejua kwamba mfupa ule ni sehemu ya mfumo mzima wa kunyoosha mguu, unaoanzia kwenye nyonga na kuishia kwenye muundi, huuliza habari za paja lake mapema, wakati bado kuna cha kuokoa.

Msomaji anaweza kulishuhudia jambo hili kwenye mguu wake mwenyewe. Kaa kitandani, nyoosha mguu mmoja, legeza paja kabisa, kisha ishike pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa, kwa kidole gumba na cha shahada. Utaona inasogea kulia na kushoto, na kidogo juu na chini, kama kitu kilichowekwa juu ya goti bila kufungwa. Sasa kaza paja, ukijaribu kulibonyeza goti kwenye godoro. Pia itapanda kidogo kuelekea nyonga, itatulia, na hutaweza tena kuisogeza hata ukiisukuma. Sababu ni kwamba mfupa huu umeota ndani ya kano. Misuli minne mikubwa ya mbele ya paja hukutana juu ya goti na kuwa kano moja nene. Kano hiyo huishika pia kwa juu, huipitia kwa mbele, kisha huendelea chini yake hadi kwenye kinundu unachoweza kukipapasa mbele ya muundi, vidole kadhaa chini ya goti. Misuli ikilegea, kano inalegea na pia inaelea. Misuli ikikaza, kano inakaza na pia inabanwa ndani ya mfereji ulio mbele ya ncha ya chini ya mfupa wa paja. Mifupa mingine inayoota ndani ya kano ipo mwilini, kwa mfano ile midogo miwili iliyo chini ya kiungo cha kidole gumba cha mguu, lakini hakuna unaofikia ukubwa wa pia ya goti.

Kwa nini kano iwekewe mfupa ndani yake? Goti hujikunja na kujinyoosha kuuzunguka mhimili unaopita ndani ya ncha ya mfupa wa paja, nyuma ya pale ilipo pia. Kama kano ingepita moja kwa moja juu ya mfupa wa paja, ingepita karibu mno na mhimili huo, na misuli ingelazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi ili kuuinua mguu uleule. Pia ya goti huisukuma kano mbele, ikaenda mbali na mhimili, na umbali huo ndio unaoipa misuli faida. Fundi wa magari akikutana na nati ya gurudumu iliyokaza huchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Nguvu za mkono wake hazikuongezeka, ila umbali kati ya mkono na nati umeongezeka, na nati inalegea. Huo ndio wenzo. Mwaka 1971 daktari wa mifupa wa Marekani, Herbert Kaufer, alichapisha vipimo alivyovifanya juu ya magoti, akaonyesha kwamba mchango wa pia katika umbali huo hukua kadiri mguu unavyozidi kunyooka, hata ukakaribia asilimia 30 mguu unaponyooka kabisa. Katika kazi hiyohiyo alionyesha jambo ambalo kila anayewahudumia wagonjwa wa goti hulikuta siku zote: kuumaliza mnyooko katika nyuzi 15 za mwisho kunahitaji nguvu ya kuzungusha iliyo karibu mara mbili ya ile inayohitajika kuutoa mguu kutoka katika hali ya kujikunja hadi kufika hapo. Kwa maneno mengine, pia husaidia zaidi palepale ambapo misuli ina shida zaidi.

Ukweli huu haukuwa wazi tangu zamani. Mwaka 1937 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Ralph Brooke, aliandika katika jarida la upasuaji la nchi hiyo akitetea kuiondoa pia yote pale inapovunjika. Hoja yake ilikuwa kwamba mfupa huo ni baki tu la maumbile ya kale, kwamba unaizuia misuli ya paja badala ya kuisaidia, na kwamba goti lisilo na pia hufanya kazi vizuri zaidi. Madaktari wengi walimsikiliza. Upasuaji wenyewe ulikuwa rahisi kuliko kuunganisha vipande, na mgonjwa aliondoka akitembea. Mwaka 1945 mtafiti aitwaye Haxton alipima nguvu za watu walioondolewa pia na kuonyesha kinyume cha hoja ya Brooke, kwamba goti limepungukiwa nguvu za kujinyoosha, na vipimo vilivyofuata vimeendelea kuthibitisha hivyo. Ninalifikiria sana suala hili kwa sababu makosa yake yanaeleweka: mtu asiye na pia anaweza kutembea barabara tambarare bila mtazamaji kugundua chochote. Mapungufu hujitokeza kwenye ngazi, kwenye mteremko, kwenye kuinuka kutoka kwenye kigoda, mahali ambapo daktari aliyemfanyia upasuaji hayupo. Leo kuiondoa pia yote ni hatua ya mwisho kabisa, na wapasuaji hupigania kubakiza hata kipande kimoja kikubwa chenye gegedu zima, yaani ile tishu inayoteleza ifunikayo mfupa ndani ya kiungo, kwa sababu kipande hicho bado kitaisogeza kano mbele.

Maumbile ya viumbe wengine, na ya watoto wetu, yanaonyesha kwamba pia haifanani kwa wote. Chura, ingawa huruka umbali mkubwa kwa mwili wake, hana pia ya goti ya mfupa. Ndege wanazo, na mbuni, yule tunayemwona akikimbia katika tambarare za Serengeti, ana mbili katika kila goti, moja juu ya nyingine. Mtoto wa binadamu huzaliwa na pia iliyo gegedu tupu, isiyoonekana kwenye picha ya eksirei, na mfupa huanza kujijenga ndani yake kati ya umri wa miaka 3 na 6. Kwa watu wachache sehemu za mfupa huo haziungani, na kipande kidogo hubaki kimejitenga kwenye kona ya juu upande wa nje. Kwenye picha kinafanana sana na mfupa uliovunjika, ila kingo zake ni laini na za mviringo, na mara nyingi hakina madhara yoyote.

Wenzo huu una gharama yake. Nguvu inayoivuta kano juu na chini huibana pia dhidi ya mfupa wa paja, na kadiri goti linavyojikunja ndivyo mbano unavyozidi. Makadirio yanayotumiwa sana katika fani yetu ni kwamba katika kutembea kawaida mbano huo ni kama nusu ya uzito wa mwili, katika kupanda au kushuka ngazi ni zaidi ya mara tatu ya uzito, na katika kuchuchumaa hadi chini hufika mara saba au nane. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kutoka kilo 30 hadi zaidi ya 400, juu ya mfupa usiojaza kiganja. Ndiyo maana uso wa nyuma wa pia umefunikwa na gegedu nene kuliko gegedu la kiungo kingine chochote mwilini, ambalo katikati yake hufika milimita 5 au zaidi. Anayepika mguu wa nyuma wa mbuzi anaweza kuliona jambo hili jikoni kabla ya nyama kuingia chunguni: kile kifupa kinachobaki kwenye kano ya goti kina mgongo uliokwaruza, wenye nyuzi za kano zilizong'ang'ania, lakini kikigeuzwa upande wa pili ni cheupe, kinang'aa, kinateleza kwenye kidole hata baada ya kufutwa maji.

Hapa ndipo ninapoona ulinzi mkubwa wa pia ya goti, ulinzi ambao watu hawautaji. Kano imeumbwa kuvuta. Haivumilii kusuguliwa na kubanwa juu ya mfupa maelfu ya mara. Gegedu limeumbwa kubanwa na kuteleza. Kwa kuweka mfupa wenye gegedu ndani ya kano, mwili umeiepusha kano kusagika kwenye mfupa wa paja, na vilevile umeugawanya mzigo. Sehemu ya pia inayogusa mfupa wa paja hubadilika goti linapojikunja: mguu ukiwa umenyooka haigusi karibu chochote, ikifika kama nyuzi 20 huingia kwenye mfereji wake kwa sehemu ya chini, na mgusano hupanda kuelekea juu huku ukipanuka. Katika kuchuchumaa kabisa, hata kano iliyo juu ya pia huulalia mfupa wa paja na kuchukua sehemu ya mzigo. Watu waliozoea choo cha kuchuchumaa na kupepeta nafaka wakiwa wamechutama hawaharibu magoti yao kwa tendo hilo peke yake. Goti zima lenye misuli imara limetengenezwa kulistahimili. Shida huanza pale goti lililokwisha kuumia linapolazimishwa, au pale uzito wa mwili unapoongezeka haraka kuliko nguvu za paja.

Siku moja aliletwa kwangu mama mmoja muuza samaki aliyeteleza kwenye ngazi zenye maji za soko. Alikuwa amekandwa kwa mafuta ya moto, goti limevimba, lakini alikuwa akijivuta kwa mguu ulionyooka, na jamaa zake waliamini kwamba kwa kuwa anakanyaga, hakuna kilichovunjika. Nilimwamkia, nikamsaidia kulala, nikamwambia, "Mama, hebu uinue mguu huu juu, usikunje goti." Alijitahidi hadi uso ukakunjamana. Kisigino hakikubanduka kitandani. "Mwanangu," aliniambia, "mguu haunisikii." Nilipopapasa mbele ya goti nilikuta bonde ambapo kidole kiliingia, na pande mbili za mfupa, moja juu na moja chini. Pia ilikuwa imekatika katikati kwa upana, na misuli ya paja ilikuwa imekivuta kipande cha juu kuelekea kwake.

Ninakieleza kisa hiki kwa sababu kipimo kile hakihitaji mashine, na kila familia inaweza kukifahamu. Mtu aliyeanguka na goti kuvimba, akishindwa kuinua kisigino kitandani huku mguu umenyooka, ana uwezekano mkubwa wa kuwa amekatika mahali fulani katika mfumo ule: kano ya juu, pia yenyewe, au kano ya chini. Apelekwe hospitali akapigwe picha. Siwadharau wakandaji, wapo wanaojua mipaka yao na kumrudisha mgonjwa hospitali mapema. Lakini pia iliyokatika na kuachana haiwezi kurudishwa kwa kukandwa, kwa kuwa kila mara paja linapokaza linavitenganisha vipande upya. Kama vipande havikuachana na mguu bado unainuka, bandeji ngumu au plasta inayouweka mguu umenyooka kwa wiki nne hadi sita mara nyingi hutosha. Vikiachana, mpasuaji huvirudisha pamoja na kuvifunga, kwa njia iliyozoeleka ya pini mbili na waya uliozungushwa kwa umbo la nane mbele ya pia. Waya umewekwa mbele kwa makusudi: goti linapojikunja, mvuto ambao ungevitenganisha vipande unageuka kuwa mbano unaovikutanisha upande wa nyuma, penye gegedu.

Wapenzi wa kandanda wamewahi kuuona mfumo huu ukikatika mbele ya macho yao. Tarehe 12 Aprili 2000, katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio mjini Roma, Ronaldo wa Brazili aliingia kuichezea Inter baada ya miezi kadhaa ya kuuguza kano ya chini ya pia ya goti la kulia. Dakika chache baadaye aliukimbia mpira, akajaribu kumpita beki bila kuguswa na mtu, na kano ile ikakatika yote. Pia ya goti isiyo na kano chini yake haina cha kuizuia. Misuli huivuta juu kuelekea paja, na mguu hauwezi tena kubeba mwili. Alifanyiwa upasuaji Paris na daktari Gérard Saillant, akakaa nje ya uwanja zaidi ya mwaka. Tarehe 30 Juni 2002, Yokohama, alifunga mabao yote mawili ya fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani, akamaliza mashindano na mabao 8. Wengi huyakumbuka mabao. Mimi huifikiria ile miezi ya kuanza upya, ambayo kwa mgonjwa yeyote, mwanasoka au muuza samaki, huanza kwa tendo lilelile dogo la kukaza paja kitandani hadi pia ipande na kutulia.

Kuna goti ambalo halijavunjika wala kukatika na bado pia yake inauma. Hilo ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi. Mgonjwa, mara nyingi kijana, na wanawake zaidi ya wanaume, husema maumivu yako mbele, nyuma ya pia au pembeni yake, yanazidi anaposhuka ngazi au akikaa safari ndefu ya basi huku goti limekunjwa. Wengi huogopa mlio wa goti. Mlio usio na maumivu wala uvimbe kwa kawaida si ugonjwa. Gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu wala ya damu, hivyo kinachouma ni mfupa ulio chini yake na tishu laini zinazoizunguka pia. Njia ya pia kwenye mfereji wake hutegemea mvuto wa pande zote: misuli ya paja haivuti wima kabisa, huvuta kwa pembe kidogo kuelekea nje, na kinachoirudisha pia ndani ni ukuta wa nje wa mfereji ulioinuka, kano nyembamba ya upande wa ndani, na nyuzi za chini za msuli wa ndani wa paja. Misuli ya nyonga ikiwa dhaifu, paja huzungukia ndani mtu anapotua mguu, na mfereji unahama chini ya pia. Kwa hiyo tiba yenye ushahidi mzuri ni mazoezi ya paja na nyonga kwa pamoja, yanayoongezwa polepole kwa wiki nyingi, na kupunguza kwa muda yale yanayochochea maumivu bila kuacha kutembea. Ninasisitiza neno wiki. Gegedu hulishwa na ute wa kiungo unaosukumwa ndani na nje kwa mwendo, na mguu uliolazwa hauna kinachousukuma ute huo. Pale pia inapotoka kabisa kwenye mfereji, karibu kila mara huruka upande wa nje, mara nyingi kwa kijana aliyegeuka ghafla mguu ukiwa umekanyaga; mara nyingi hurudi yenyewe mguu unaponyooshwa, lakini ile kano nyembamba ya ndani huwa imechanika, na goti linahitaji kuchunguzwa hata kama maumivu yamepungua.

Nirudi sasa kwenye ngao. Goti likiwa limekunjwa, pia huifunika ncha ya mbele ya mfupa wa paja, na pigo linaloangukia hapo huipiga pia badala ya gegedu la mfupa huo. Ni ulinzi wa kweli, na pia huulipia kwa kuvunjika yenyewe. Abiria wa kiti cha mbele asiyefunga mkanda, gari linapogonga, hupeleka magoti yake kwenye dashibodi; pia huvunjika, na pigo huendelea kupanda kwenye mfupa wa paja hadi nyonga, ambayo inaweza kuteguka kuelekea nyuma. Anayempokea mgonjwa wa namna hiyo asiishie kwenye goti, aikague na nyonga. Kwa waendesha bodaboda na abiria wao goti ndilo linalotangulia, kwa kuwa halina bati mbele yake.

Mbele ya pia, chini tu ya ngozi, kuna mfuko mdogo wa majimaji unaoiruhusu ngozi kuteleza juu ya mfupa. Fundi wa vigae anayefanya kazi kutwa nzima akiwa amepiga magoti, au anayesugua sakafu kwa kazi, huuona mfuko huo ukijaa na kuwa uvimbe laini wa mviringo mbele ya goti. Mto mnene chini ya magoti na kubadilisha mkao huuzuia. Uvimbe ukiwa na wekundu, joto na homa, kuna uwezekano kwamba bakteria wameingia, na mgonjwa asisubiri. Swali la kupiga magoti huulizwa na karibu kila mtu aliyefungwa waya kwenye pia, awe anataka kurudi kwenye mkeka wa sala, kwenye benchi la kanisani au shambani. Jibu langu huwa kwamba mfupa ukishaunga, kupiga magoti hakuufungui tena. Kinachouma ni waya na pini zilizo chini ya ngozi nyembamba, ambazo mpasuaji anaweza kuzitoa kwa upasuaji mdogo. Hadi wakati huo, kiti kinatosha kwa sala, na sponji nene au godoro dogo lililokunjwa linatosha kwa kazi za chini, mradi mgonjwa anaendelea na mazoezi ya paja.